Mshale Wangu na Upepeo wa Zuhura

Vijana wa stasiyo ya hali ya hewa, mmeniita niwaambie kazi ilivyokuwa zamani, mkaniwekea kiti cha plastiki chenye mguu mmoja mfupi na soda ya moto. Asanteni. Lakini msifikiri nimekuja kuwasifu. Mimi Ilunga nimetazama mawingu ya Kindu hii zaidi ya miaka thelathini, na kitu ninachokijua kuliko mawingu ni wivu. Nina wivu na simu zenu. Nina wivu na mabuti yenu yasiyoingiza maji. Na kuna mtu mmoja niliyemwonea wivu tangu ujana wangu hata leo meno yamebaki ya kuhesabu. Nyinyi mlitaka habari za vipimo, mimi nitawapa habari za mtu huyo, na vipimo mtavipata humohumo.

Juzi Esperanse, huyu aliyekaa karibu na mlango, alinionyesha simu yake. Kulikuwa na tufani kule baharini, kati ya Msumbiji na Madagaska, imesimama siku ya tatu, haiendi wala hairudi. Mtu mwingine atauliza bahari inatuhusu nini sisi watu wa Lualaba. Inatuhusu. Tufani ikisimama kule huvuta upepo mpaka wa huku kwetu, na mvua ya Maniema hubadili mwendo wake. Hilo tulilijua zamani, ila tulikuwa tunalisikia kwa redio na kwa kuchelewa. Sasa Esperanse akanionyesha ramani, na pale tufani iliposimama palikuwa pametoka umbo, jembamba mwanzoni, pana mwishoni. Akanieleza polepole, kama ninavyoelezwa dawa hospitalini, kwamba wataalamu hawatoshwi tena na mstari mmoja. Wanachora nafasi yote ambayo tufani inaweza kupita, na kadiri siku zinavyokwenda mbele nafasi inapanuka, kwa sababu hakuna anayejua. Akasema ni elimu mpya.

Nikamrudishia simu yake. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda nyumbani. Esperanse, unisamehe, kichwa hakikuwa kinauma. Lile umbo mimi nilikuwa nimeliona kwa chaki, kwenye ubao wa porti yetu, bandari ya mtoni hapa Kindu, wakati wa vita, na aliyelichora alikuwa mwanamke wa Alunguli aliyeajiriwa kupiga mashine ya kuandika.

Ngojeni, nitafika huko. Kwanza mjue mimi nilivyoanza, ili msije mkanipa heshima nisiyostahili.

Baba yangu alikuja na reli kutoka Katanga, fundi wa breki, na alinisomesha kusudi nisishike grisi. Nilipelekwa Kinshasa mwaka mmoja, nikarudi na cheti ndani ya plastiki, na nilikuwa nakitembeza mjini hata sokoni. Shefu wa stasiyo alikuwa Kitenge, Mukasai mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye hakuwahi kukiangalia kile cheti. Wiki ya kwanza akaniachia barometa ya zebaki peke yangu. Nikaona alasiri, kwenye saa kumi, kipimo cha hewa kimeshuka. Shuleni walitufundisha hewa ikishuka, dhoruba inakuja. Nikakimbia uwanja wa ndege kutangaza dhoruba, na rubani mmoja akalaza ndege yake. Mvua haikunyesha. Kesho yake saa kumi hewa ikashuka tena, nikatangaza tena. Siku ya tatu vilevile.

Kitenge akaniita ofisini akaniambia kwamba huku kwetu hewa hupanda na kushuka kila siku, dhoruba iwepo isiwepo. Saa nne asubuhi inakuwa juu, saa kumi alasiri inakuwa chini. Kabla ya kusema barometa imeshuka, uliza imeshuka kuliko jana saa ileile. "Siku tatu umetabiri saa kumi," akasema, "na kila siku saa kumi imefika kweli."

Uwanja mzima ukanibatiza Saa Kumi. Nilibeba jina hilo miaka. Lakini kilichoniuma si jina. Kilichoniuma ni kwamba yule dada wa mashine ya kuandika, Zuhura, alikuwa ameligundua jambo hilo mwenyewe, bila shule, kwa kupiga tu zile namba zetu mwezi hata mwezi. Alikuwa amemuuliza Kitenge juu ya nini, kwa sababu gani, hewa inalala kila alasiri, na Kitenge alimjibu kwa furaha kama baba aliyepata mapacha. Mimi mwenye cheti niliangukia mahali ambapo yeye aliparuka.

Zuhura alikuwa rika langu. Watu wake ni wale Waislamu wa mji wa tangu zamani, baba yake mshonaji wa kanzu, nyumba yao Alunguli, ng'ambo ya mto. Kila asubuhi alivuka kwa mtumbwi, na kwa kuwa mvua nyingi hututokea mashariki, yeye alikuwa anatoka kule mvua inakotoka. Ndani ya mtumbwi aliwauliza wauza samaki wameona nini huko walikolala. Akifika ofisini anajua habari ambazo mimi sitaziona mpaka saa sita. Siku moja nilishikwa na malaria, Kitenge akampa yeye daftari la vipimo. Niliporudi nikalipitia lote nikitafuta kosa. Nikapata moja, alikuwa ameandika tarehe kwa wino wa kijani. Nikalipeleka kwa Kitenge. Kitenge akalitazama, akanitazama, akanunua wino zaidi wa kijani.

Cheka tu, Esperanse. Wewe hujaona mwenzio akipendwa mbele yako.

Vita ilipofika, mji ukafungwa. Reli ilikufa, barabara zikawa za wenye bunduki, chumvi ikawa kitu cha kulambisha watoto kwa ncha ya kidole. Kitu kilichotuingia ni ndege, na ndege ilipokosa kuja hatukula. Sisi tulibaki na kazi bila vyombo. Zamani tulikuwa tunarusha maputo yenye gesi, tunayafuata kwa darubini ili tujue upepo wa juu unaelekea wapi. Mlielewe hilo vizuri. Upepo wa chini, huu unaopeperusha kanga kwenye kamba, hauendeshi dhoruba. Dhoruba inaendeshwa na upepo wa juu. Gesi ilipokwisha tukawa vipofu wa juu.

Siku moja akaja mtu kutoka mji wa Kama, kule wanakochimba dhahabu, yuko na askari wawili. Alikuwa amesikia tuna chombo chenye zebaki, na wachimbaji zebaki wanaitafuta ya kukamatia dhahabu. Kitenge akamwambia barometa ilivunjika zamani. Barometa ilikuwa ndani ya kabati nyuma ya mgongo wake, na ufunguo ulikuwa ndani ya soksi yake. Mtu wa Kama akasema atarudi.

Tukajua lazima tuifiche ng'ambo. Mimi nikasema tuizungushie mkeka, niibebe begani. Zuhura akasema hapana, ukiilaza haraka zebaki itagonga kioo na kukipasua. Inatakiwa kuinamisha kidogo kidogo mpaka usikie zebaki imejaza bomba na kugusa mwisho, tik, ndipo unaigeuza kichwa chini, unaibeba wima. Alijua kwa sababu alikuwa amepiga kwa mashine lile karatasi la maelezo, na alilolipiga hakulisahau. Kitenge akampa yeye ufunguo. Akaivukisha mto ndani ya kanga, amekaa katikati ya mtumbwi ameishika wima, na askari wa porti wakafikiri amebeba mchi wa kutwangia.

Tangu siku hiyo barometa ikakaa kwake, kabati nayo ikafuata siku nyingine, vipande vipande, kwa mtumbwi. Alisoma kipimo chumbani kwake, akatuletea namba asubuhi, na ufunguo ukining'inia shingoni mwake kwa kamba. Nyinyi hamjui ufunguo ule ulivyokuwa. Aliyekuwa nao ndiye aliyetia sahihi daftari. Kitenge miguu ilikuwa imeanza kuvimba, na kila mtu alijua atakayebaki na ufunguo ndiye atakayekuwa shefu. Nilikuwa nauona ule ufunguo mpaka kwenye chakula.

Sasa nimefika.

Surua ilizuka katika vijiji vya chini ya mto, upande wa Lowa. Watoto walikuwa wanakufa, na habari zilitujia kwa redio ya hospitali. Ndege ikaleta sanduku moja la chanjo, limejazwa barafu, na muganga, daktari aliyekuja nalo, akasema barafu ni ya siku nne, baada ya hapo chanjo ni maji tu. Njia ilikuwa mto peke yake, siku mbili kwa balenieri, zile boti ndefu za mbao zenye mota. Kapiteni alikuwa Saidi, mtu wa maneno machache. Boti ilikuwa tayari, mafuta yamekusanywa chupa kwa chupa kutoka mji mzima, na watu zaidi ya ishirini walikuwa wanashuka nayo kurudi kwao.

Lakini kaskazini mashariki, juu ya msitu wa kuelekea Obokote, kulikuwa na dhoruba iliyosimama. Siku ya tatu ile. Kila mchana ilijenga mahali palepale, ikanyesha palepale, ikabaki palepale. Dhoruba za kwetu kwa kawaida hutoka mashariki kwenda magharibi na hazikawii, alfajiri iko kwa jirani, saa nne iko kwako. Ile haikutembea. Ikienda kaskazini, mto uko salama, boti ipite katikati kwa mwendo wote. Ikikata mto magharibi ikaikuta balenieri katikati, mawimbi yatajaa ndani, na hakuna mtu atakayefika. Na kusimama ovyo ukingoni ilikuwa hatari pia, kwa sababu ya wenye bunduki. Wakingoja mjini mpaka dhoruba ijulikane, barafu inayeyuka, watoto wa Lowa wanakufa.

Kitenge hakuweza kutembea. Akatutuma sote wawili porti, kwenye ule ubao tuliokuwa tunaandikia watu wa boti kila asubuhi. Akasema kila mmoja aandike anavyoona na atie jina lake.

Zuhura alitangulia. Akachora mto. Akaweka nukta pale dhoruba iliposimama, halafu kutoka kwenye nukta akafungua umbo kama upepeo wa kuchochea makala, haya makaa ya jikoni, mkono wake kwenye dhoruba, mdomo wake umetanuka kutoka kaskazini mpaka magharibi na kushuka hata kwetu Kindu. Watu wakasogea. Muganga akauliza maana yake ni nini, inakwenda wapi.

Zuhura akamwambia atazame kichwa cha lile wingu. Hili mliweke akilini, kwa sababu simu ikizima mtabaki na macho. Wingu linalotembea hulaza kichwa chake upande mmoja, upepo wa juu unakivuta, na wewe unajua njia. Wingu la siku ile lilikuwa limetandaza kichwa sawasawa pande zote, kama uyoga. Juu hakukuwa na upepo wa kulisukuma. Kitu chochote kidogo kingeweza kulitoa pale, upande wowote.

"Inaweza kwenda popote humu ndani," akasema, akipitisha kidole juu ya upepeo. "Miye naogopa zaidi upande wa mto. Lakini hapana mutu anayejua, na mutu akikuambia anajua, muulize amejulia wapi."

Muganga alikuwa hajalala siku mbili. Akasema sanduku lake halina nafasi ya neno sijui. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza huyu mama analipwa kwa kutokujua. Nami, wajukuu wangu, nikaona mlango umefunguka. Nikachukua chaki. Nikapiga mshale mmoja, mnene, kutoka kwenye nukta kwenda kaskazini moja kwa moja, mbali na mto. Nikaandika chini yake ILUNGA kwa herufi kubwa. Nikasema kwa sauti ya shule kwamba dhoruba inakwenda Lubutu, boti iondoke sasa, ipite katikati, isisimame popote.

Mnataka kujua nilijuaje. Sikujua. Sikuwa na puto, sikuwa na kitu. Zuhura alikuwa ametia chaki nzito kidogo upande wa magharibi, pale alipoogopa, na mimi nikachagua upande ulio mbali kabisa na chaki yake. Hiyo ndiyo elimu iliyokuwa ndani ya mshale wangu. Kama angeogopa kaskazini, ningepiga magharibi.

Watu wakapiga makofi. Muganga akanishika mikono yote miwili. Saidi alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, akatazama upepeo, akatazama mshale, halafu akamfuata Zuhura penye mitumbwi, wakasemezana kitambo. Sikusikia. Baada ya saa moja balenieri iliondoka.

Siku zile nne sikula. Mawingu mengine yaliziba kaskazini, hatukuona tena ile dhoruba imekwenda wapi, na hakukuwa na stasiyo, wala simu, wala mtu wa kuuliza. Nilisali. Niliwaombea watu wa boti na watoto wa Lowa, na niliuombea mshale wangu, na msiniulize nilianza na lipi. Zuhura alikuja kazini kama kawaida, akaleta namba zake, akapiga mashine.

Siku ya tano redio ya hospitali ikasema chanjo imefika na barafu ilikuwa bado. Mji ukalipuka kwa furaha. Mama wasionijua walinikumbatia njiani. Lile jina la Saa Kumi likafa siku hiyo hiyo, nikaitwa Mshale. Hakuna aliyeuliza dhoruba ilielekea wapi. Boti imefika, basi mshale ulikuwa wa kweli.

Wiki tatu zikapita, Saidi akarudi. Nilisikia mota nikakimbia porti kuwa wa kwanza, nilikuwa nimezoea sifa. Akanivuta nyuma ya marobota akanieleza. Dhoruba ilikata mto. Alasiri ya siku ya pili iliondoka kwa ghafula, ikaenda magharibi, ikapita mbele yao kabisa, na maji yalisimama hata miti ya ukingoni ikang'oka. Wao walikuwa ndani ya kijito, wamefunga boti chini ya miti, kwa wavuvi waliowajua. Zuhura alikuwa amempa majina ya vijito vitano, watu wa mama yake ndio wanaovulia huko, na jina la kutaja ukifika. Akamwambia apite karibu na ukingo, na kila akifika penye kijito atazame kichwa cha wingu. Kama bado ni uyoga, aende mpaka kijito kingine. Kama kimelalia upande wake, aingie.

"Aliniambia nisiulize inaenda wapi, niulize kijito iko wapi," Saidi akasema. "Umuambie Zuhura asante mbele ya watu. Ule upepeo wake njo ulituponyesha."

Nikasema nitamwambia. Kabla ya jioni askari wakamchukua Saidi na boti yake, wakapanda nayo mto. Baadaye nilisikia alihamia Ubundu, akafia huko. Muganga na abiria walibaki kule Lowa. Kwa hiyo katika Kindu nzima mtu aliyekuwa na habari ile alikuwa mimi peke yangu, hivyo nilidhani.

Nilikwenda mpaka kwa Kitenge siku hiyo. Alikuwa amelala, miguu juu ya mto wa kulalia. Akaniuliza Saidi amesema nini. Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema, "Amesema mshale ulikuwa sawa, Shefu."

Mwezi uliofuata Kitenge alimwita Zuhura, akamwomba ufunguo, akanipa mimi. Ulikuwa bado na joto la shingo yake. Akasema alimpenda Zuhura lakini mji unahitaji mtu anayesema neno moja. Kabati ikarudishwa kwa mtumbwi, na barometa, wima, mikononi mwake. Yeye akarudi kwenye mashine ya kuandika, na utepe wa wino ulipokwisha hakukuwa na mwingine, akakaa kwake Alunguli, akauza makala. Mimi nikawa shefu. Miaka yote mliyonisikia nikisifiwa ilianzia pale.

Na hukumu yangu ilikuwa hii, kila dhoruba iliyosimama walikuja kuniomba mshale. Hakuna aliyetaka upepeo tena. Nikapiga mishale. Mingine ilipatia, mingine ilikwenda kinyume kabisa, na watu hukumbuka iliyopatia. Mara moja paa la soko liling'olewa juu ya vichwa vya watu, siku niliyosema hapatakuwa na upepo. Walinisamehe. Walisema hata Mshale huchoka. Nilikuwa nalala na ufunguo ule chini ya mto wa kulalia, na bado nilikuwa namwonea wivu mwanamke anayeuza makala, kwa sababu yeye alisema kweli mbele ya watu wote na mimi nilibahatisha.

Basi juzi, baada ya kuona simu ya Esperanse, sikupata raha. Jana nikavuka. Nilikuwa sijakanyaga kwake tangu ufunguo uwe wangu. Nilimkuta uani, anachambua maharagwe, amekonda, miwani imefungwa kwa uzi. Nikapiga hodi.

"Karibu, Mshale," akasema.

Sikuketi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, Saidi, vijito, Kitenge, chaki nzito ya magharibi. Nikamwambia dunia nzima sasa inachora upepeo wake na kuuita elimu mpya. Aliendelea kuchambua maharagwe, mabovu huku, mazima huku. Nilipomaliza akainua kichwa.

"Saidi alifunga boti huku Alunguli kwanza, kaka Ilunga. Alikula kwangu, akanieleza yote, mbele ya kuvuka kuja kwako."

Nikamuuliza, sasa juu ya nini hakusema. Kwa Kitenge, kwa mtu yeyote, miaka yote ile.

"Wangesema ni wivu," akasema. "Nikajiambia, Ilunga atakuya kesho. Kesho yake nikajiambia vile tena."

Nikatia mkono mfukoni nikautoa ule ufunguo, nikamwekea juu ya ungo, katikati ya maharagwe. Akauchukua, akaugeuza karibu na miwani. Akauliza kabati iko wapi. Nikamwambia askari waliipasua kuni, na barometa ilipelekwa Kinshasa kutengenezwa, haikurudi. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akaendelea na kazi.

Mwenye mtumbwi akanipigia mluzi kutoka mtoni, anataka kuvuka. Mashariki, nyuma ya nyumba, kulikuwa na wingu kubwa lililokuwa limejijenga mchana ule. Zuhura akalitazama, akanitazama mimi.

"Itatukuta, ao itapita?"

Nikatazama kichwa cha wingu. Kilikuwa kimetandaza pande zote. Mkono wangu uliinuka wenyewe, kidole kimeshanyooka, kama ilivyo desturi yake. Nikaushusha.

"Sijui, Zuhura."

Akasukuma kigoda kwa mguu mpaka karibu na ungo, akaniambia nikae basi, tutazame. Mwenye mtumbwi akachoka kungoja akaenda. Nikakaa. Na bado nilimwonea wivu, kwa sababu hata kungoja, yeye alijua kuliko mimi.